Chili ya Cincinnati nyumbani: nyama ya kusaga, viungo vya pilau na spageti (uzi mrefu kidogo)

#1 Mleta uzi

Wakuu, habari za muda huu.

Ikitajwa chili, wengi wetu tunafikiria sufuria la maharage mekundu na pilipili ya kuunguza koo. Leo nataka tuongelee chili nyingine kabisa, ya mji wa Cincinnati, jimbo la Ohio, Marekani, ninakoishi. Huku ni chakula cha kila siku: mafundi wanakila mchana, familia zinakila baada ya mechi, wanafunzi wanakila usiku wa manane. Nakipenda kweli kweli, na nimeudhika vya kutosha na mapishi ya mtandaoni yanayoanza na "kaanga nyama mpaka iwe ya kahawia". Ukianza hivyo utapata rosti nzuri ya nyama ya kusaga, lakini si chili ya Cincinnati.

Historia kidogo, maana ndiyo inayoeleza ladha. Mwaka 1922 ndugu wawili wahamiaji kutoka Makedonia, Tom na John Kiradjieff, walifungua mgahawa mdogo mtaa wa Vine, pembeni ya ukumbi wa maonyesho ulioitwa Empress, na mgahawa nao ukachukua jina hilo. Kule Balkani, kusini-mashariki mwa Ulaya, nyama ya kusaga kupikwa na mdalasini na karafuu si jambo la ajabu. Wagiriki mpaka leo wanafanya hivyo kwenye mchuzi wa pastitsio, zile tambi zao za kuoka na nyama. Wale ndugu wakachukua mapishi ya kwao, wakaongeza unga wa pilipili wa Kimarekani, wakaanza kuumwaga mchuzi huo juu ya soseji kwenye mkate na juu ya spageti. Waliopitia jikoni kwao wakatoka na kufungua migahawa yao. Nicholas Sarakatsannis alifungua Dixie Chili mwaka 1929 kule Newport, ng'ambo ya mto Ohio upande wa Kentucky. Nicholas Lambrinides, Mgiriki, alifungua Skyline mwaka 1949. Mwaka 1965 ndugu wa ukoo wa Daoud kutoka Jordan wakafungua Gold Star. Kwa hiyo hiki ni chakula cha Kimarekani chenye jiko la Balkani na Mashariki ya Kati ndani yake. Mtu aliyekulia kwenye pilau akikionja mara ya kwanza anashtuka, kwa sababu harufu anaijua.

Sasa tuingie jikoni. Hiki ni kipimo cha watu wanane hivi.

Nyama ya ng'ombe ya kusaga kilo 1. Mwambie muuza nyama aisage mara mbili, na isiwe steki tupu. Iwe na mafuta kidogo, tutayatoa baadaye. Maji lita 1 na robo. Vitunguu maji viwili vikubwa vilivyokunwa, na kimoja cha kukatakata kwa ajili ya mezani. Vitunguu saumu punje tano. Nyanya mbichi sita zilizosagwa na kuchujwa, au nyanya ya kopo nzito vijiko vitatu vya chakula ikizimuliwa na kikombe cha maji. Mkisoma mapishi ya Kimarekani mkakuta "tomato sauce", msitie ile ya kumwagia chipsi. Yao ni nyanya tupu iliyosagwa, haina sukari wala siki. Siki vijiko viwili vya chakula. Chumvi kijiko kimoja na nusu cha chai.

Viungo: paprika (unga wa pilipili nyekundu tamu, isiyo kali) vijiko vitatu vya chakula, bizari nyembamba ya unga vijiko viwili vya chai, mdalasini kijiko kimoja cha chai, olispaisi nusu kijiko, karafuu robo kijiko, pilipili kali ya unga robo kijiko, na majani mawili ya yale makavu yanayotiwa kwenye biriani. Kakao isiyo na sukari kijiko kimoja cha chakula. Migahawa haisemi inatia nini, lakini majumbani wengi wanaitia, na mimi sipiki bila hiyo. Mlioko Tanzania, mkipata kakao ya Kyela mtakuwa mmemaliza kila kitu.

Kuhusu pilipili, tafadhali tusikilizane hapa. Kile Wamarekani wanachokiita unga wa chili ni mchanganyiko: pilipili kavu zisizo kali, bizari nyembamba, kitunguu saumu na majani ya oregano. Mapishi yao yanaweza kukwambia tia vijiko vinne vya chakula. Ukienda duka la Kariakoo ukanunua unga wa pilipili ukatia vijiko vinne, hakuna atakayekula. Ndiyo maana nimeandika paprika kwa rangi na utamu, na pilipili kali robo kijiko tu. Chili hii kazi yake ni kunukia.

Namna ya kupika. Weka nyama mbichi kwenye sufuria pana, mimina maji ya baridi, halafu ingiza mkono uivunjevunje. Usiharakishe hapa. Endelea kuiminya kati ya vidole mpaka pasibaki bonge hata moja, maji yageuke mekundu na nyama ielee chembe chembe. Ndipo uwashe moto. Ukiitupa nyama kwenye maji yanayochemka inashikana mabonge, na mabonge yakishaiva hayavunjiki tena vizuri. Ukiikaanga kwanza, kila chembe inapata ganda gumu. Ikianzia kwenye maji ya baridi inaiva laini, na ule utomvu wake unaingia kwenye mchuzi na kuufanya mzito bila unga wowote.

Moto uwe wa wastani, koroga mara kwa mara mpaka ianze kuchemka. Povu la kijivu likipanda liengue. Kisha tia vitunguu, saumu, nyanya, siki, chumvi na viungo vyote pamoja na kakao. Punguza moto mpaka vipovu viwe vinapasuka kimoja kimoja. Usifunike. Acha saa tatu, kila baada ya dakika ishirini pitisha mwiko chini. Saa ya kwanza utaona kama umekosea, ni maji yenye nyama na viungo havijazoeana. Vumilia. Kufika saa ya tatu rangi inakuwa ya udongo mwekundu, na ukikwangua mwiko katikati ya sufuria, ile njia inajiziba yenyewe polepole. Ikijiziba papo hapo, bado. Isipojiziba, ongeza maji ya moto kidogo.

Ipua, ipoe kidogo, gawa kwenye vyombo vya kina kifupi ili ipoe haraka, uiweke kwenye friji ndani ya saa mbili ilale humo usiku kucha. Asubuhi utakuta mafuta ya rangi ya machungwa yameganda juu. Yaondoe, bakiza kijiko kimoja au viwili kwa sababu harufu ya viungo imekaa humo. Hatua hii wengi wanairuka kwa njaa. Siwalaumu, lakini chili ya siku ya pili na ya siku ya kwanza hazilingani hata kidogo. Karafuu inakuwa imetulia na siki haichomi tena.

Kupakua nako kuna utaratibu wake. Spageti chini, iive laini kidogo kuliko wanavyopenda Waitaliano, na usiichanganye na mchuzi. Chili juu yake. Juu kabisa jibini la cheddar lililokunwa nyembamba sana kama nyuzi, na liwe jingi, kilima kabisa. Hiyo wanaiita njia tatu. Ukiongeza vitunguu vibichi au maharage mekundu inakuwa njia nne, ukiweka vyote viwili ni njia tano, na vyote vinakaa chini ya jibini. Jibini likune likiwa limetoka kwenye friji sasa hivi: la chini litayeyuka kwa joto la chili, la juu litabaki jepesi. Pembeni wanaweka vibiskuti vidogo vya chumvi na chupa ya pilipili. Na wenyeji hawaizungushi spageti kwenye uma, wanaikata kwa ubavu wa uma kutoka ukingoni, kila tonge linabeba tabaka zote.

Karibuni kwa maswali.

#2 Mchangiaji, Mombasa

Shukran sana ndugu yangu kwa maelezo. Nina maswali matatu. Olispaisi sijaiona hata Marikiti, nitumie nini? Pili, mapishi mengine ya hii chili nimeona yanataka sosi ya Worcestershire, wewe hukuitaja. Tatu, hizo soseji zao ni za nini? Sisi nyumbani hatuli nguruwe.

Na je, siwezi kutumia pilau masala ya pakti nikamaliza kazi?

#3 Mleta uzi

Karibu ndugu yangu.

Olispaisi ni tunda kavu la mti wa visiwa vya Karibiani, punje zake zafanana na pilipili manga kubwa. Ukiikosa, ongeza mdalasini robo kijiko, kungumanga ya kukwangua robo kijiko na karafuu ncha ya kisu. Unakaribia kabisa.

Sosi ya Worcestershire ina siki, sukari, ukwaju na dagaa wa kuchachushwa. Ukwaju mnao. Loweka kipande kidogo, chuja kijiko kimoja cha chakula, kitie pamoja na kijiko cha soya sosi. Binafsi napenda ya ukwaju kuliko ya chupa, uchachu wake una mwili.

Soseji za migahawa ya hapa nyingi zina nguruwe, kwa hiyo uliza kabla ya kula. Nyumbani tumia soseji ya ng'ombe ya halali, mkate laini, haradali kidogo, chili, vitunguu na jibini juu. Watoto watakupenda.

Pilau masala usitumie yote. Ina hiliki na pilipili manga nyingi, na hiliki ikiingia tu kinywa kinaanza kutafuta wali. Ukiwa huna jinsi, tia kijiko kimoja cha chai badala ya bizari na karafuu, vingine vibaki kama nilivyoandika.

#4 Mchangiaji, Houston

Mkuu heshima yako, lakini huku Texas hiyo hatuiiti chili. Nimeishi huku muda, na chili ni nyama ya ng'ombe ya vipande, pilipili kavu nzima za ancho na guajillo zilizolowekwa na kusagwa, bizari nyembamba, saumu, basi. Hakuna maharage, hakuna nyanya, hakuna tambi. Bunge la jimbo liliitangaza chili kuwa chakula rasmi cha Texas mwaka 1977. Na zamani kule San Antonio akina mama wa Kimeksiko waliuza chili usiku kwenye viwanja vya mji kwa taa na majiko ya kuni, wakiitwa malkia wa chili, mpaka miaka ya 1930 kanuni za afya zilipowaondoa. Huo ndio mzizi. Mdalasini na spageti zimetoka wapi?

#5 Mleta uzi

Mkuu wa Houston, yote uliyosema kuhusu Texas ni kweli, na wale akina mama wa San Antonio wanastahili heshima kubwa kuliko wanayopewa. Chili ya Texas naipika pia. Ile inasimama kwenye pilipili kavu: unazipasha kwenye kikaangio mpaka zinukie, unazitoa mbegu, unazilowesha, na ladha nzima inatoka pale. Ukiitia mdalasini kijiko kizima umeivuruga.

Ila hii ya Cincinnati haikutokana na kupika vibaya chili ya Texas. Hawa walikuja na mchuzi wao kutoka Makedonia na Ugiriki, wakauita chili kwa sababu ndilo jina ambalo wateja wa Ohio walilijua. Ukiipima kwa kipimo cha Texas itakosa kila kitu. Ipime kama mchuzi wa nyama wa Balkani uliohamia mjini, utaielewa. Camp Washington Chili, mgahawa wa hapa wa tangu 1940, ulipewa tuzo ya James Beard, tuzo kubwa ya upishi huku, upande wa migahawa ya asili ya Marekani mwaka 2000, na tuzo ile haitolewi kwa kuonea huruma.

Ukija huku nitakupikia. Tafadhali njoo na ancho, huku nzuri ni za kutafuta.

#6 Mchangiaji, Unguja

Mwanangu, nimesoma yote, umeeleza vizuri. Nina la kuongeza kwenye karafuu. Hiyo robo kijiko ikiwa ni ya unga wa dukani sawa. Lakini wanaosaga wenyewe karafuu za Pemba, mpya, zenye vichwa vyake na mafuta bado yamo, robo itakuwa kali na ulimi utakufa ganzi. Watie punje tatu au nne nzima, na saa ya mwisho waziopoe. Mdalasini hali kadhalika, gome zima lenye urefu wa kidole linatosha, na harufu yake haina ule uchungu wa unga uliokaa.

Na uzile, hiyo bizari nyembamba, msitie mbichi. Upasheni kwenye kikaango kikavu mpaka ubadilike rangi kidogo ndipo mtwange. Hayo maji yako ya baridi kwa nyama nimeyapenda, sisi kwenye sambusa nyama tunaipika kwa maji yake yenyewe mpaka ikauke, nayo haigandi mabonge.

#7 Mleta uzi

Shikamoo mama, na ahsante sana. Hili la karafuu kila mtu alichukue. Zinazouzwa huku zimekaa sana madukani mpaka zimepungua nguvu, ndiyo maana mapishi ya Kimarekani yanafika hadi nusu kijiko. Aliye karibu na karafuu mpya afuate kipimo cha mama.

#8 Mchangiaji, Dar

Mkuu, saa tatu kwenye gesi ni hela. Pia sina friji. Nifanyeje? Nina jiko la mkaa na sufuria la kuchemshia maharage la presha.

#9 Mleta uzi

Jiko la mkaa ni zuri kabisa kwa kazi hii. Mkaa ukishakolea na chili ikianza kuchemka, punguza makaa, yaliyobaki yafunike jivu. Utapata moto ule ule wa vipovu vya kimoja kimoja. Chunga tu chini pasishike, kakao inaungua upesi.

Sufuria la presha nalo linafaa: maji punguza yawe lita moja kasoro robo, dakika thelathini tangu lianze kupiga filimbi, kisha fungua na uchemshe wazi kama dakika ishirini ili ipungue. Nyama inaiva, ila hakikisha uliivunja kwenye maji ya baridi kabla ya kufunika.

Kwa kukosa friji usiilaze. Ipua, iache itulie nusu saa, mafuta yatapanda juu, uyaengue kwa upawa taratibu. Iliwe siku hiyo hiyo iishe. Ili usikose utulivu wa siku ya pili, punguza siki iwe kijiko kimoja na karafuu nusu ya kipimo.

Na kwa kuwa umetaja maharage: yale mekundu makubwa lazima yalowekwe, maji yamwagwe, kisha yachemke kwa nguvu si chini ya dakika kumi kabla ya kupunguza moto. Yakipikwa kwa moto mdogo tangu mwanzo yanabaki na sumu inayoleta kutapika. Yachemshe peke yake, chumvi kidogo, usiyatie ndani ya chili.

#10 Mchangiaji, Goma

Jambo wandugu. Cheddar hapa ni bei kali. Tuko na jibini ya Masisi, ile ya duara, inauzwa kila mahali mjini. Itafaa?

#11 Mleta uzi

Jambo ndugu. Itafaa sana. Jibini ya Masisi ni jamaa ya gouda, laini, ina maziwa mengi, na inayeyuka bila kutoa mafuta ovyo. Chagua ambayo haijakaa muda mrefu, iweke kwenye baridi kwanza ili ikunike nyembamba. Kwa kuwa haina ule uchachu wa cheddar, ongeza vitunguu vibichi juu ya chili na tone la pilipili yenu ya kule. Kwa kweli ningependa kuionja hiyo.

#12 Mchangiaji, Dar

Mrejesho. Nimepika jana kwa mkaa, nyumba nzima ilinukia mpaka jirani akaja kuuliza nani anaoa. Ladha ipo, watoto wamemaliza. Shida moja: mchuzi ulikuwa mwepesi, ukaenda wote chini ya spageti, juu ikabaki nyama kavu. Nilikwangua mwiko kama ulivyosema, njia ilijiziba haraka lakini tulishachoka kusubiri. Nitie unga wa ngano kidogo?

#13 Mleta uzi

Hongera sana mkuu, umenifurahisha.

Unga hapana, utaficha viungo. Mambo mawili tu. Kwanza ilihitaji kama nusu saa zaidi, na sufuria likiwa pana maji yanapungua upesi kuliko kwenye sufuria refu. Pili, angalia spageti. Ukishaichuja irudishe kwenye sufuria tupu la moto, itikise dakika moja mvuke utoke ndipo upakue. Spageti inayotiririka maji inauzimua mchuzi hata kama uliupika vizuri.

Siku nyingine kikibaki usikitupe, ila kimalize siku hiyo hiyo kwa kuwa huna friji. Kirudishe motoni bila kufunika mpaka kikaze, halafu kile na viazi vya kuchemsha au chapati.